Shahidi mkweli pia hukosea: kwa nini Mahakama huuliza mwanga ulitoka wapi

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Mwananchi aliyevamiwa usiku nyumbani kwake, akapata ujasiri wa kufika mahakamani kutoa ushahidi, mara nyingi hushangazwa na maswali anayoulizwa. Taa iliyokuwa ikiwaka ilikuwa ya aina gani: kibatari, chemli, tochi au ya umeme? Iliwekwa wapi? Kati yako na mtu huyo palikuwa na hatua ngapi? Ulimtazama kwa muda gani? Ulikuwa ukimfahamu kabla ya siku hiyo? Nani alikuwa wa kwanza kumwambia jina lake, na ilikuwa saa ngapi?

Wapo wanaotoka mahakamani wakilalamika kwamba wamefanywa waongo. Wapo pia wanaosikia kuwa mshtakiwa ameachiwa huru kwa sababu utambuzi wake ulikuwa hafifu, wakahitimisha kwamba sheria inawapendelea wahalifu. Malalamiko hayo yanaeleweka, kwa kuwa aliyeumizwa anataka haki itendeke na anaamini alichokiona kwa macho yake.

Hata hivyo, maswali hayo hayaulizwi kwa kuwa shahidi anadhaniwa kuwa mwongo. Yanaulizwa kwa sababu mtu mkweli, asiye na chuki na yeyote, anaweza kula kiapo kwa dhati, akaeleza anachokiamini, na bado akawa amekosea. Hilo ndilo jambo ambalo wanasaikolojia wamelithibitisha kwa utafiti wa miaka mingi, na ambalo Mahakama za Afrika Mashariki zilikwisha kulitambua kwa uzoefu wake. Makala haya yanaeleza sababu zake, pamoja na yale ambayo mwananchi anaweza kuyafanya ili ushahidi wake usipotee bure.

Msimamo wa Mahakama ya Rufani

Mwaka 1980, mwaka mmoja tu baada ya Mahakama ya Rufani Tanzania kuanzishwa, majaji wake walitoa uamuzi katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri. Uamuzi huo unanukuliwa hadi leo karibu katika kila shauri la jinai ambalo mshtakiwa anasema, "Si mimi."

Mahakama ilieleza kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni miongoni mwa aina dhaifu kabisa za ushahidi. Kwa hiyo Mahakama haipaswi kumtia mtu hatiani kwa ushahidi huo mpaka uwezekano wote wa kumfananisha na mtu mwingine uwe umeondolewa, na Mahakama iridhike kwamba hakuna mwanya uliobaki.

Majaji hawakuishia kwenye onyo. Walitaja mambo ambayo Mahakama inapaswa kuyachunguza: muda ambao shahidi alimtazama mtuhumiwa, umbali uliokuwepo kati yao, mazingira ya tukio, yaani kama ulikuwa usiku au mchana na kama mwanga ulitosha, na kama shahidi alikuwa akimfahamu mtu huyo au aliwahi kumwona kabla. Maswali yanayomchosha shahidi kizimbani yanatokana na orodha hiyo. Shahidi anaposema tu kwamba "palikuwa na mwanga", bado hajajibu, kwa sababu mwanga wa kibatari kilichowekwa nyuma ya mlango si sawa na mwanga wa taa ya umeme iliyo juu ya baraza.

Kumbukumbu si picha iliyohifadhiwa

Watu wengi huamini kwamba kumbukumbu ni kama picha iliyopigwa na kuwekwa kabatini, ambayo mtu anaweza kuitoa wakati wowote ikiwa vilevile. Mwanasaikolojia wa Uingereza, Frederic Bartlett, alionesha katika kitabu chake cha mwaka 1932 kwamba sivyo ilivyo. Mtu anapokumbuka, hujenga upya habari kwa kutumia vipande alivyovihifadhi, na mahali penye pengo hujaza kwa yale anayoyajua au anayoyatarajia. Hafanyi hivyo kwa hila. Anayesimulia huwa hana namna ya kutambua ni kipande kipi alikiona na kipi amekijaza.

Kumbukumbu hupitia hatua tatu: kuona, kuhifadhi na kukumbuka. Kosa linaweza kuingia katika hatua yoyote. Mtu anaweza kuona vibaya, anaweza kuona vizuri lakini kilichohifadhiwa kikachanganyika na mambo aliyoyasikia baadaye, na anaweza kuhifadhi vizuri lakini namna alivyoulizwa ikampotosha.

Yanayotokea wakati wa tukio

Katika hatua ya kwanza, giza na umbali ni vikwazo vinavyoeleweka kwa kila mtu. Vipo vingine visivyofahamika sana. Cha kwanza ni hofu. Wapo wanaoamini kwamba mtu aliyetishwa sana hawezi kumsahau aliyemtisha. Utafiti unaonesha kwamba hofu kali humsaidia mtu kukumbuka kuwa tukio lilitokea na kiini chake, lakini mara nyingi hupunguza uwezo wake wa kukumbuka sura ya mtu asiyemfahamu.

Cha pili ni silaha. Panga au bunduki inapotolewa, macho huganda hapo. Shahidi anaweza kulieleza panga lile kwa usahihi, urefu wake na mpini wake, lakini akawa hakuitazama vya kutosha sura ya aliyelishika.

Cha tatu ni muda. Tukio la dakika moja, kwa mtu aliye katika hatari, huonekana kuwa limechukua muda mrefu zaidi. Ndiyo maana Mahakama haitosheki na jibu la "nilimwona kwa muda mrefu", bali huuliza ni nini kilichofanyika katika muda huo.

Neno moja linavyobadilisha tukio

Hatua ya pili na ya tatu ndizo zenye hatari zaidi, kwa kuwa uharibifu hutokea baada ya tukio na mara nyingi hufanywa na watu wenye nia njema.

Mwaka 1974 nchini Marekani, wanasaikolojia Elizabeth Loftus na John Palmer waliwaonesha wanafunzi filamu fupi za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Swali lilikuwa moja, isipokuwa kitenzi kilibadilishwa. Wanafunzi walioulizwa kuhusu magari "yalipobamizana" walikadiria mwendo wa takriban kilomita 65 kwa saa. Walioulizwa kuhusu magari "yalipogusana" walikadiria takriban kilomita 51. Filamu walizoziona ni zilezile.

Katika jaribio la pili, wanafunzi waliulizwa wiki moja baadaye kama waliona vioo vilivyovunjika. Katika filamu hiyo hapakuwa na kioo chochote kilichovunjika. Hata hivyo, kati ya wanafunzi 50 waliokuwa wameulizwa kwa neno "yalipobamizana", 16 walisema waliviona vioo hivyo. Miongoni mwa 50 walioulizwa kwa neno la kawaida la kugongana, waliosema hivyo walikuwa 7. Neno moja la mwulizaji lilikuwa limeingia ndani ya kumbukumbu na kuzaa kitu ambacho hakikuwepo.

Kwa Kiswahili hatari hiyo ni ya kila siku. Anayeuliza, "Lile panga alilishika mkono gani?" amekwisha kumwambia shahidi kwamba palikuwa na panga. Anayeuliza, "Je, alikuwa na kitu chochote mkononi?" amemwachia shahidi aseme mwenyewe. Vivyo hivyo, "Yule kijana mrefu alikimbilia wapi?" ni swali linalobeba jibu, ilhali "Uliona nini baada ya hapo?" halibebi.

Jambo hili lina uzito zaidi tangu mwaka 2021, Bunge lilipobadilisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki mahakamani. Awali, maneno ya shahidi aliyezungumza Kiswahili yaliandikwa kwa Kiingereza, na tofauti ndogo kama ya "kugonga" na "kugusa" iliweza kupotea katika tafsiri. Sasa kilichosemwa kinaweza kuandikwa kama kilivyosemwa. Ni faida kubwa kwa haki, lakini pia inamtaka kila anayeuliza, awe askari mpelelezi, wakili wa Serikali au wakili wa utetezi, achague maneno yake kwa uangalifu.

Mazungumzo na picha baada ya tukio

Baada ya uvamizi, majirani hukusanyika na kila mmoja husimulia alichokiona. Mmoja akisema mhalifu alivaa koti jeusi, baada ya nusu saa wengine watatu hulikumbuka koti hilo. Ifikapo asubuhi, mashahidi wanne wanakubaliana, lakini kwa kweli aliyeliona koti ni mmoja tu, na huenda hata yeye alikosea.

Simu za mkononi zimeongeza tatizo hili. Picha ya mtu anayeshukiwa husambazwa katika makundi ya mitandao ya kijamii kabla Polisi hawajaandika maelezo ya shahidi hata mmoja. Shahidi akiitazama picha hiyo mara kadhaa, sura iliyo kwenye simu huchukua nafasi ya sura aliyoiona gizani. Baadaye atakapomwona mtu huyo, ataiona sura anayoifahamu, na atakuwa sahihi kwamba anaifahamu. Asichoweza kukijua ni kama anaifahamu kutoka katika tukio au kutoka kwenye simu.

Funzo la Ronald Cotton

Shauri la Ronald Cotton wa jimbo la North Carolina, Marekani, linaonesha namna makosa haya yanavyoungana. Mwaka 1984, mwanafunzi wa chuo alishambuliwa na kubakwa nyumbani kwake usiku. Katika mateso hayo aliazimia kuikariri sura ya mshambuliaji ili aweze kumtambua baadaye. Polisi walimwonesha picha kadhaa, akachagua ya Cotton. Kisha waliandaa gwaride la utambulisho, akamchagua Cotton tena. Mtu pekee aliyekuwepo katika picha na katika gwaride alikuwa Cotton. Baada ya gwaride, mwathirika aliambiwa kwamba aliyemchagua ndiye yuleyule aliyemchagua kwenye picha, na kauli hiyo ikamwongezea uhakika.

Mahakamani alizungumza bila kusita, na Cotton akatiwa hatiani mwaka 1985. Katika usikilizwaji wa pili mwaka 1987, mtu mwingine aliyekuwa gerezani kwa makosa ya namna hiyo aliletwa mbele ya mwathirika. Mwathirika alisema hajawahi kumwona mtu huyo. Mwaka 1995, kipimo cha vinasaba kilithibitisha kwamba mtu huyo ndiye aliyekuwa mhalifu. Cotton alikuwa amekaa kifungoni zaidi ya miaka 10 kwa kosa asilolitenda. Kwa muda wote huo mwathirika hakuwa akisema uongo.

Shauri hilo si la pekee. Nchini humo, taasisi ya Innocence Project, inayoshughulikia wafungwa waliohukumiwa kimakosa, ilionesha kwamba kati ya watu 375 waliosafishwa kwa vipimo vya vinasaba hadi mwaka 2020, takriban asilimia 69 walikuwa wametambuliwa kimakosa na mashahidi wa macho.

Wala wingi wa mashahidi si kinga kamili. Mjini London, Adolf Beck alitiwa hatiani mwaka 1896 baada ya wanawake kadhaa, kila mmoja kwa nafsi yake, kumtaja kuwa ndiye aliyewatapeli. Baada ya kutoka gerezani alitiwa hatiani tena mwaka 1904 kwa utambuzi wa namna hiyohiyo, ndipo tapeli halisi akakamatwa. Kashfa hiyo ilichangia kuanzishwa kwa Mahakama ya Rufani ya Jinai nchini Uingereza mwaka 1907.

Kanuni za gwaride za mwaka 1936

Miongo mingi kabla ya majaribio ya Loftus, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilikwisha kuweka kanuni za gwaride la utambulisho. Katika shauri la mwaka 1936 la Mwango Manaa, Mahakama hiyo iliainisha mambo ambayo askari anayesimamia gwaride anapaswa kuyazingatia. Kanuni hizo ndizo msingi wa utaratibu unaofuatwa hadi leo, na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inatoa mamlaka kwa askari mkuu wa kituo au mpelelezi kuitisha gwaride.

Kila kanuni ina sababu ambayo saikolojia ya leo inaieleza. Mtuhumiwa huwekwa miongoni mwa watu wasiopungua wanane wanaofanana naye, kadiri inavyowezekana, kwa umri, kimo, umbo na hali ya maisha. Endapo mtuhumiwa pekee ndiye mwenye ndevu au ndiye pekee aliyevaa kandambili, shahidi hatakuwa anakumbuka, atakuwa anabahatisha kwa urahisi.

Shahidi huelezwa kwamba mhalifu anaweza kuwepo au asiwepo katika kundi hilo. Maneno hayo ni muhimu sana. Bila kuambiwa hivyo, watu wengi hudhani wameitwa kuchagua mtu, kwa hiyo humchagua anayefanana zaidi na wanayemkumbuka, hata kama mhalifu hayupo.

Askari mwenye jalada la upelelezi haendeshi gwaride, hata kama yupo. Anayefahamu mtuhumiwa ni nani anaweza kumwelekeza shahidi kwa jicho, kwa kukohoa au kwa kunyamaza, pasipo kukusudia. Mashahidi waliokwisha kupita hawaruhusiwi kuzungumza na wanaosubiri, ili koti la shahidi mmoja lisihamie kwa wengine. Mtuhumiwa huchagua mahali pa kusimama na anaweza kubadilisha nafasi kila shahidi anapotoka. Ana haki ya kuwa na wakili au rafiki, na mwishoni huulizwa kama ameridhika kwamba gwaride limeendeshwa kwa haki. Jibu lake huandikwa.

Mahakama hiyohiyo, katika shauri la Mohamed bin Allui la mwaka 1942, iliongeza jambo ambalo wananchi wengi hawalijui. Panapokuwa na ubishi kuhusu mtu aliyetenda kosa, ni muhimu sana ithibitike kwamba shahidi alitoa wasifu wa mtu huyo mapema, na wasifu huo ulikuwa upi. Aliyeutoa aueleze mahakamani, na aliyeupokea aueleze pia. Wasifu uliotolewa kabla ya gwaride ni kipimo: unaonesha shahidi alikuwa na nini kichwani kabla hajaoneshwa mtu yeyote.

Ndiyo sababu pia Mahakama huupa uzito mdogo sana utambuzi unaofanyika kwa mara ya kwanza kizimbani, kwa shahidi asiyemfahamu mshtakiwa. Katika chumba cha Mahakama, aliyesimama kizimbani anajulikana na kila aliyeingia.

Unapomfahamu mhusika

Mhalifu akiwa ni mtu anayefahamika, gwaride halina haja. Hapo shahidi hatambui sura ngeni, bali anamtaja mtu wa kijiji au mtaa wake, na ushahidi wa namna hiyo kwa kawaida ni imara zaidi. Hata hivyo, haujakamilika wenyewe. Kila mtu amewahi kumwita kwa sauti rafiki yake sokoni, kisha akageuka mtu mwingine, tena mchana kweupe. Kwa hiyo swali la mwanga na umbali hubaki palepale.

Jambo kubwa katika hali hii ni kutaja jina mapema. Katika shauri la Marwa Wangiti Mwita na mwenzake dhidi ya Jamhuri, lililochapishwa katika Ripoti za Sheria za Tanzania za mwaka 2002, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba shahidi kumtaja mtuhumiwa katika fursa ya kwanza kabisa ni uthibitisho muhimu wa kuaminika kwake. Kinyume chake, kuchelewa bila maelezo, au kutomtaja kabisa, kunapaswa kuifanya Mahakama makini ijiulize.

Uamuzi huo unalingana na sayansi ya kumbukumbu. Jina lililotajwa kwa jirani wa kwanza aliyefika limetajwa kabla ya uvumi wa kijijini, kabla ya ugomvi wa mipaka ya mashamba kukumbushwa, na kabla ya mtu yeyote kusema, "Lazima atakuwa fulani."

Wapo wanaochelewa kwa kuogopa kulipiziwa kisasi. Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 imewekwa kwa ajili yao. Shahidi mwenye hofu ni vema aieleze hofu hiyo kwa Polisi siku ileile, ili sababu ya kuchelewa kutaja jina, kama ipo, iandikwe.

Mtoto anapokuwa shahidi

Mtoto anaweza kuwa shahidi wa kweli na wa kuaminika. Tangu marekebisho ya mwaka 2016 ya Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, mtoto mwenye umri usiozidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi kwanza aahidi kusema ukweli na si uongo.

Tatizo la watoto si kusema uongo kuliko watu wazima. Tatizo ni kwamba mtoto mdogo huwaheshimu wakubwa na hutaka kuwapa jibu wanalolitarajia. Mtoto anayeulizwa swali lilelile mara ya tatu hudhani majibu mawili ya kwanza yalikuwa mabaya, akabadilisha. Mzazi au mlezi anayepata taarifa ya ukatili kutoka kwa mtoto asimhoji kwa kurudiarudia wala kumtajia majina ya watu. Amsikilize, akumbuke maneno aliyotumia mtoto, na amfikishe haraka kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la Jeshi la Polisi.

Kelele za mwizi

Yote yaliyoelezwa hapo juu yanahusu kosa ambalo linaweza kusahihishwa. Hukumu inaweza kukatiwa rufaa na mfungwa anaweza kuachiwa. Lipo kosa moja la utambuzi lisilokuwa na rufaa, nalo ni lile linalofanywa mtaani kwa sauti ya "Mwizi! Mwizi!"

Mtu anayepiga kelele hizo huwa ameibiwa kweli. Ameona mgongo wa mtu anayekimbia, shati la rangi fulani, sekunde chache, akiwa na hofu na hasira. Wanaomjibu hawakuona chochote. Wanamwona mtu anayekimbia, na huenda mtu huyo anakimbia kwa sababu watu wote wanakimbia. Katika dakika hizo yamekusanyika mambo yote ambayo Mahakama ya Rufani iliyaonya: muda mfupi, umbali, mwanga hafifu, mtu asiyefahamika, na neno la mmoja kuwa ushahidi wa wengi. Hakuna gwaride wala swali la pili, na mara nyingine hakuna anayebaki hai kusema, "Si mimi."

Wananchi wanakumbushwa kwamba anayeshiriki kumpiga mtu hadi kufa anaweza kushtakiwa kwa kosa la mauaji, na kwamba adhabu ya kuua kwa kukusudia ni kifo. Mtu aliyekamatwa akidhaniwa ni mhalifu apelekwe kituo cha Polisi akiwa salama, na waliomwona wabaki kuwa mashahidi.

Mwananchi afanye nini

Yapo mambo ambayo mtu yeyote aliyeshuhudia uhalifu anaweza kuyafanya, na yanasaidia zaidi yakifanyika katika saa za mwanzo.

Kwanza, atoe taarifa mara moja kwa Polisi kupitia namba ya dharura 112, kwa kituo kilicho karibu au kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa au kijiji. Kama anamfahamu mhusika, amtaje kwa jina kwa mtu wa kwanza anayemfikia.

Pili, aandike au amwombe mtu amwandikie alichokiona kabla ya kusikiliza simulizi za wengine: kimo, umbo, mavazi, sauti, alama, chanzo cha mwanga na mahali kilipokuwa, umbali kwa hatua, na kilichofanyika tangu mwanzo hadi mwisho. Asichokiona aseme hakukiona. Pengo lililokubaliwa ni bora kuliko pengo lililojazwa.

Tatu, asijadiliane na mashahidi wengine kuhusu sura au mavazi ya mhalifu, na asitafute wala kusambaza picha za washukiwa mitandaoni.

Nne, anapohojiwa aombe kueleza tukio lote kwa maneno yake kabla ya maswali kuanza. Miaka ya 1980, wanasaikolojia Ronald Fisher na Edward Geiselman wa Marekani walionesha kwamba shahidi anayeachwa asimulie bila kukatizwa, akirejea kwanza mazingira ya tukio akilini, hutoa taarifa nyingi zilizo sahihi kuliko anayeulizwa swali baada ya swali. Kabla ya kutia saini, asomewe maelezo yake na arekebishe yasiyo yake.

Tano, anapoitwa kwenye gwaride, akumbuke kwamba kusema "simwoni hapa" ni jibu halali na lenye heshima.

Kwa upande wa mtuhumiwa asiye na uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inaweka utaratibu wa kupata huduma hiyo. Aidha, pale sampuli zinapopatikana, uchunguzi wa vinasaba unaofanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali unaweza kuthibitisha au kukanusha kile ambacho macho yamesema. Kwa hiyo eneo la tukio lisikanyagwe wala kufanyiwa usafi kabla Polisi hawajafika.

Ushahidi wa macho bado una thamani

Isidhaniwe kwamba Mahakama imewafungia mlango mashahidi wa macho. Sheria ya Ushahidi haitaki idadi maalumu ya mashahidi ili jambo lithibitike, na mtu anaweza kutiwa hatiani kwa ushahidi wa shahidi mmoja akiaminika. Katika shauri la Goodluck Kyando dhidi ya Jamhuri, lililochapishwa katika ripoti za sheria za mwaka 2006, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba kila shahidi anastahili kuaminiwa isipokuwa pakiwepo sababu nzuri za kutomwamini.

Kinachotakiwa ni kwamba imani hiyo ijengwe juu ya mambo yanayoweza kupimwa. Mtu asiye na hatia anapofungwa, aliyetenda kosa hubaki mtaani akiwa na uhakika kwamba hakuna anayemtafuta. Shahidi anayeulizwa mwanga ulitoka wapi anasaidiwa kuwaepusha na balaa hilo jirani asiye na hatia pamoja na mwathirika mwenyewe. Ajibu kwa utulivu, aseme alichokiona, na asione aibu kusema pale ambapo macho yake hayakufika.